Kisu Chini ya Mlingoti

Saa kumi na moja kasoro robo, Jumamosi jioni, ndipo walipompata Benita. Alikuwa amenaswa katika matete ya ukingo wa ziwa, na utepe wa gauni lake la msimamizi wa arusi ulikuwa bado umefungwa mgongoni. Elisée, mwendesha boti, alikuwa ameopolewa nusu saa kabla, naye maiti. Dhoruba ilikuwa imeshapita na jua limetoka tena bila haya.

Inspekta Delphine Meta alifika kutoka Lubumbashi akakuta kesi imeshahukumiwa. Wageni wa arusi, wote wameloa chapachapa, walikuwa wamemfunga kamba Ruphin, mlinzi wa ufuko. Kazi ya Ruphin ilikuwa moja: akiona wingu baya apandishe bendera nyekundu, na boti iliyoko majini irudi. Sasa mlingoti ulikuwa mtupu. Hatua chache kutoka hapo, chini ya kibanda cha nyasi, alisimama baba wa marehemu, mzee Léonard, na suti yake imenyooka kama ilivyotoka kwenye pasi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwuliza lolote.

Mkubwa wa Delphine alipiga simu kusema kwamba Jumatatu adhuhuri Ruphin apelekwe mbele ya mwendesha mashtaka, na kutoka hapo gerezani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, alijisemea Delphine, akaanza kuuliza.

“Nilipandisha drapeau, mama,” alisema Ruphin. “Kisha nikaenda mbiyo kuvuta mitumbwi, tule tubato tudogo, kule mwisho wa ufuko. Kurudia, drapeau haiko tena, na mvua inapiga.”

Bibi arusi mwenyewe, Cathy, dada yake Benita, alimwunga mkono. Boti ilikuwa na wasichana watano, yeye akiwamo, waliokwenda kupigwa picha kwenye kisiwa. Saa tisa na dakika ishirini Elisée aliona bendera akageuza kurudi. Dakika tano baadaye akaiona imeshuka, akasema kumbe si kitu, akageuza tena kuelekea kisiwani. Upepo uliwakuta katikati.

Basi bendera ilipanda, na mtu akaishusha. Wageni walikuwa ukumbini wakila, hakuna aliyeona.

Delphine aliuchunguza mlingoti. Kamba yake ilikuwa imefungwa fundo dogo, gumu, lililozunguka mara tatu. Alimwambia Ruphin afunge kamba nyingine. Ruphin, mtoto wa wakulima wa Mitwaba, akaifunga kama anayefunga mbuzi. Kisha Delphine akaona kisu cha jikoni, kimechomekwa ardhini mguuni pa mlingoti hadi mpini. Hakuhitaji kuelezwa. Kuna watu ambao, wakiwa na sherehe wakati wa masika, humfuata mzee wa kufunga mvua, naye huwapa kisu wakichomeke wenyewe. Aliyekichomeka haruhusiwi kuguswa na maji mpaka akichomoe.

Jumapili alimhoji Paluku, mwenye boti. Wiki ile ile Paluku alikuwa amemgombeza Ruphin kwa kupandisha bendera ovyo na kuwafukuza wateja. Delphine alidhani amemkamata mwizi na ngozi mkononi. Lakini Paluku alitoa tiketi ya kizuizi cha barabara ya Kasumbalesa, mbali na ziwa: Jumamosi, saa tisa na dakika kumi na nane. Mtu hawezi kuwa mahali pawili.

Usiku hakulala vizuri. Aliwapitia wote aliowaona ufukoni: bwana arusi, wapishi, hata padri aliyeingia ziwani na kanzu yake. Wote walikuwa wameloa. Wote, ila mmoja.

Jumatatu saa nne alikwenda kwenye kilio, nyumbani kwa wafiwa, mtaa wa Kampemba. Turubai lilikuwa limetandazwa uani juu ya viti vya wafiwa. Delphine alitoa pole, akainua macho kwenye nguzo. Kamba ya turubai ilikuwa imefungwa fundo dogo, lililozunguka mara tatu. Alimwuliza mama wa marehemu, Marie-Thérèse, nani aliyelifunga.

“Njo Papa Léonard,” alisema mama. “Kwabo Pweto, kwa bavuvi, banafungaka nyavu vile.”

Delphine aliketi karibu na mzee. Alitamani sana fundo lile lingekuwa la mwingine.

“Papa, njo mulishusha drapeau?”

Léonard aliitazama kamba ya turubai. “Rangi nyekundu, ile rouge, inaitaka radi ikuye, mama. Batoto bangu bote babili balikuwa mu mayi. Nilisema nishushe ile kintu mbele radi ibapige.”

Akaeleza mengine kwa sauti ya chini. Wakwe walitaka arusi ingoje kiangazi, yeye akawaapia kwamba mvua ataifunga. Bendera ile ingemwaibisha pia, hakukataa.

“Pweto munajuaka kuogelea,” alisema Delphine. “Bato ilipinduka mbele yenu. Sababu gani hamukuingia?”

“Mayi ikinigusa, mvua yote inafunguka. Nilisema nikae mukavu, itatulia.”

“Na Ruphin?”

“Nilipata haya,” alisema Léonard.

Cathy alikuwa amesimama nyuma yao. Wakati wote alikuwa amelificha jambo moja ili baba yake asiumie zaidi. Boti ilipopinduka, alisema, walishikilia ubao wa kiti, ukaanza kuzama kwa uzito wa watu watano. Benita alimwona baba yao ufukoni.

“Aliachia,” alisema Cathy. “Alisema, shikeni ninyi, miye minangoya Papa. Papa anajua mayi, anakuya.”

Marie-Thérèse alijifunika uso kwa kitenge.

Saa tano na dakika ishirini Delphine alipiga simu Ruphin aachiliwe. Alipogeuka, mvua ilikuwa imeanza, na watu walisogeza viti katikati ya turubai. Léonard alitoka peke yake nje ya turubai, na suti ile ile, akasimama. Kisu kilikuwa ofisini, ndani ya mfuko wa ushahidi, hakuna aliyekichomoa ila polisi. Delphine alishika mlango wa gari la polisi, akamwacha aloe kwanza.