Ada ya Kuandika

Garimoshi la kutoka Tabora lilitakiwa kufika Mpanda asubuhi. Lilifika saa nane mchana, na hakuna aliyeshangaa. Waliokuwa wakingoja ndugu walishalala juu ya magunia, akina mama wa maandazi walishauza mpaka makombo, na Didace alikuwa bado amesimama pale pale aliposimama tangu saa moja. Hakuwa na ndugu wa kumpokea wala mzigo. Alikuwa anangoja gazeti.

Ndani ya gazeti hilo, ambalo lilikuwa limeshatimiza siku tano tangu litoke Dar es Salaam, kulikuwa na hadithi yake. Basi mwanaume mzima wa miaka ishirini na sita, shati jeupe limepigwa pasi ya mkaa, kalamu mbili mfukoni, moyo unamdunda kama wa mtoto anayengoja matokeo ya darasa la saba. Bunda lilipofunguliwa watu walivamia, na Didace kwa ustaarabu wake usio na faida akabaki mikono mitupu. Nakala ya mwisho ilichukuliwa na dada mmoja mwenye gauni la maua ya njano, mabega yamevimba kwa lastiki, kiuno kimekaa pale kiuno kinapotakiwa kukaa, futikamba ya fundi imening'inia shingoni.

Alimfuata mpaka kwenye kibanda chake cha cherehani nyuma ya stesheni, anaona haya kumwita. Alipofika, dada ameshalitandaza gazeti mezani, ameshachora kwa chaki, na mkasi unatembea. Mafundi wote wa Mpanda walikatia magazeti, maana karatasi ya ramani ya nguo ingetoka wapi?

"Dada, samahani," Didace alisema. "Unakata hadithi yangu."

Yule dada alisimamisha mkasi. "Ipi? Hii ya bwana aliyekufa kwa wivu?"

"Hajafa. Anazinduka safu ya tatu."

"Pole. Safu ya tatu ni kola ya mwalimu." Halafu akamtazama vizuri, kuanzia kalamu mpaka viatu, akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa basi unihadithie ilivyoisha. Mie naitwa Lusia."

Didace akakaa. Akakaa mpaka jua likashuka, na kesho yake akarudi, na keshokutwa. Ukiuliza nani alimpenda mwenzake kwanza, Lusia angesema ni Didace, tena siku ile ile. Na Didace asingebisha.

Didace alikuwa mtoto wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Aliingia Tanzania mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, na hata sasa ili aje mjini ilibidi aombe kibali cha mkuu wa makazi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye baraza la posta na kuwaandikia watu barua: za rambirambi, za kuomba kazi, za kumkumbusha mume aliyekwenda Tabora kwamba ana watoto. Watu walisema barua ya Didace hata jiwe lingejibu. Lakini nia yake ilikuwa hadithi. Magazeti yaliyapenda maandishi yake, yakayachapa, na hayakumlipa hata senti moja.

Mapenzi yao yalinoga. Lusia alimwita mwandishi wangu, akamkaripia kwa vifungo vilivyokatika, akavishona shati likiwa mwilini ili apate sababu ya kuinamia kifua chake. Didace alimsomea kila alichoandika kabla mtu mwingine hajakiona. Lusia akipenda alinyamaza. Asipopenda alikanyaga cherehani kwa nguvu. Baba yake, Mzee Yohani wa Kawajense, mtu wa kanisani na mwenye maneno machache, aliposikia habari za kijana wa Katumba hakukataa. Alisema tu kwamba akitaka binti yake, aje kwa utaratibu: barua ya posa, na ndani ya bahasha kitu cha posa. Kitu hicho kilikuwepo. Baba yake mdogo Didace, Melkior, alikuwa ameuza tumbaku na kumwekea kijana wake fungu la kuolea.

Sasa hapo ndipo shetani alipopita. Gazeti moja lilileta tangazo: waandishi wanatakiwa haraka, fanya kazi ukiwa nyumbani kwako popote nchini, malipo kwa kila ukurasa. Ofisi iliitwa Kituo cha Wino na Riziki, na kilichotakiwa ni ada ya usajili tu. Didace alituma mani oda. Ikarudi kadi yenye muhuri wa bluu na jina lake limepigwa chapa. Ikaja ada ya fomu. Akalipa. Ikaja ada ya kusahihishiwa mtihani. Akalipa, na akaambiwa amepata tisini na nane kwa mia. Jamani, tisini na nane! Nani angeachia hapo?

Lusia hakufurahi. Alimwuliza kama mteja akimletea kitambaa, ni yeye fundi anayetakiwa kumlipa mteja.

"Na ulipokuwa unajifunza?" Didace alisema. "Hukumlipa fundi wako mwaka mzima ndiyo akakuruhusu kugusa cherehani?"

Ni kweli alilipa, na Lusia hakuwa mtu wa kukana kweli. Alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Nilimlipa. Lakini alikaa hapo na mimi nikakaa hapa, nikamwona mikono. Wewe umemwona nani?"

Ili kumaliza ubishi walikwenda kupiga simu posta. Kalisti, karani wa kaunta, aliwatafutia laini kwa nusu saa, kisha wakabana masikio yao mawili kwenye mkonga mmoja wa simu. Akasikika dada mwenye sauti tamu, akauliza namba ya usajili, akasema hongera, mkuu yuko kikaoni, subirini kidogo. Wakasubiri. Dakika walizolipia zikaisha. Didace alitoka pale anatabasamu, eti umesikia mpenzi, wana vikao. Lusia alitaka kulia na hakujua amlilie nani.

Kufikia mwezi wa kwanza, fungu la tumbaku lilikuwa limekwisha, na siku ya kupeleka posa ilikuwa imeshapangwa. Hapo Didace alifanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote Mpanda asingelifanya. Aliandika barua ya posa ya kurasa nne, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akaifunga bila kitu ndani. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba Mzee Yohani akisoma maneno yale hataona kilichopungua. Melkior, maskini, aliibeba mpaka Kawajense bila kujua, amevaa koti.

Mzee Yohani alisoma kurasa zote nne mbele ya shemeji zake. Alipomaliza aliigeuza bahasha, akaitikisa juu ya meza. Wote wakatazama meza. Hakumfukuza Melkior, hata sauti hakupandisha. Alisema barua ni nzuri, atamngoja kijana mpaka Pasaka, maana kuna barua nyingine ya Stanslaus, mnunuzi wa tumbaku, na hiyo bahasha yake haikuhitaji kutikiswa.

Lusia alisikia yote akiwa jikoni. Kesho yake Didace alipotokea kibandani alimwuliza jambo moja tu, kama ni Wino na Riziki. Didace akaitikia kwa kichwa. Wiki mbili hawakusemeshana. Didace alipita nje ya kibanda mara nne kwa siku, anajifanya anakwenda sokoni, na Lusia alimwona kila mara na akamhesabia.

Mwanzoni mwa Kwaresima ikaja bahasha nene. Didace aliifungulia pale pale kwenye baraza la posta, halafu akakimbia, kalamu zinaruka mfukoni, mpaka mbele ya cherehani ya Lusia. Wamempa kazi! Kazi yenyewe, ya malipo! Lusia alimtazama uso ule, na hasira zote zikamtoka. Alimkumbatia mchana kweupe mbele ya wateja wawili. Akamwambia akaandike, akimaliza aje wale wote.

Didace aliandika siku tatu. Siku ya nne asubuhi alitumbukiza bahasha zake posta, akaja kibandani amekonda na anang'aa. Lusia alikuwa anapiga pasi. Alimwomba amsomee kama zamani, na kwa kuwa karatasi zilishakwenda, Didace akayasema aliyoyaandika kwa kumbukumbu.

Ilikuwa barua. Ilimwita msomaji wake ndugu uliyeko mbali na miji mikubwa. Ilisema najua unavyoandika kwenye daftari la shule, najua unavyolificha watu wasikucheke. Ilisema hujakosa kipaji, umekosa mlango. Ilisema mlango upo, na ada yake ni ndogo kuliko yale ambayo umeshapoteza kwa kungoja.

Lusia aliiacha pasi pale ilipokuwa, juu ya kitambaa. "Hata mimi ningelipa," alisema.

Didace alidhani amesifiwa. Akaeleza kwa furaha kwamba ameandika kumi za namna hiyo, kila moja tofauti, kwa watu kumi walioandika kuulizia Kituo, ambao anwani zao zilikuja kwenye ile bahasha nene, na kwa kila atakayelipa yeye ana fungu lake. Watatu tu wakilipa, mpenzi, posa imetimia kabla ya Pasaka.

"Na hao watatu," Lusia aliuliza taratibu, "wachumba zao watapelekewa nini?"

Pasi iliunguza kitambaa cha mtu na hawakuiona. Didace alitaka kusema kwamba huenda wao watapata kazi kweli, lakini kazi yenyewe sasa alikuwa anaijua, ameifanya kwa mkono wake, na ilikuwa hiyo. Lusia alimvuta mkono, wakaenda posta mbio. Kalisti aliwasikiliza na kuwahurumia. Alisema barua ikishatumbukia sandukuni si ya aliyeituma, ni ya anayepelekewa, na akiifungulia mfuko, kesho yeye hana kazi na ana watoto watano. Didace alibembeleza. Alitumia maneno yote aliyowahi kuwaandikia watu. Kalisti alitikisa kichwa, akaufunga mfuko, akaupakia kwenye mkokoteni kwenda stesheni.

Wakaufuata. Sijui walidhani watafanya nini. Walisimama pale Didace alipomwona Lusia mara ya kwanza, wakautazama ukipandishwa kwenye behewa, na garimoshi, ambalo halijawahi kuwahi, siku hiyo likaondoka kwa saa yake.

"Pesa hiyo ikija usiilete kwetu," Lusia alisema.

"Nilete nini sasa? Nina nini kingine?"

"Sijui, Didace. Ningejua ningekwambia." Alikuwa analia bila kujifuta. "Nakupenda mpaka naumwa. Lakini siwezi kuolewa kwa hiyo."

Alikwenda nyumbani akamwomba baba yake ampe mwaka mmoja. Mzee Yohani aliuliza sababu. Na sababu Lusia hakuweza kuitamka bila kumvua nguo mtu anayempenda mbele ya wazee, kwa hiyo alinyamaza, na mzee akaona hakuna sababu.

Mani oda ilifika Jumatano kabla ya Pasaka. Kati ya kumi walilipa saba, na majina yao yalikuja pamoja nayo. Kalisti alimwekea Didace pesa mbele ya kaunta, akamwambia bado anawahi, mzee wa Kawajense yupo, amemwona asubuhi. Didace alizihesabu zile noti. Zilitosha posa mara mbili na kanga ya mama mkwe. Kisha akaomba fomu saba za mani oda. Aligawa sawasawa, akamrudishia kila mtu fungu, na kwa kila mmoja akaandika barua fupi kuliko zote za maisha yake: ndugu, mimi ndiye niliyekuandikia ile nyingine, pokea hiki kidogo, usilipe tena.

Jumatatu ya Pasaka Mzee Yohani alijibu posa ya Stanslaus.

Mwezi mmoja baadaye Didace alikuja kibandani na karatasi mkononi. Lusia alikuwa anashona gauni lake mwenyewe, jeupe, mabega ya kuvimba. Hakumfukuza. Aliipokea ile karatasi akaisoma amesimama. Ilitoka kwa kijana mmoja wa Kibondo aitwaye Candide, mwandiko mzuri wa kujitahidi. Alimshukuru sana kaka Didace kwa pesa aliyomrudishia. Alisema ilifika wakati mzuri, kwa sababu alikuwa amepungukiwa kidogo kutimiza ada ya fomu, na sasa ameilipa yote. Mtihani anautegemea mwezi ujao. Aliomba, kama si usumbufu, kaka amsemee kwa wakubwa wa Kituo, maana kutokana na ile barua ya kwanza alijua kwamba huyu ni mtu mwenye moyo.

Lusia alisoma mara mbili. "Utamjibu nini?"

Didace, aliyekuwa akiwajibia watu barua Mpanda nzima, alisema hajui.

Lusia aliikunja karatasi vizuri kwenye mikunjo yake, akamrudishia. Akaona kifungo cha pili cha shati lake kimekatika, mkono ukaanza kwenda, akaurudisha. Akamwambia asije tena kibandani, watu wameanza kusema na Stanslaus ni mtu mwema. Alisema bila hasira. Didace akaitikia, akatoka, na Lusia akakaa akaendelea kushona, maana gauni lilitakiwa Jumamosi.