Umebadilisha Nia, Injinia?

Simu ya Jepleting iliita akiwa amezamisha mikono yote miwili kwenye unga wa chapati, jikoni kwa mama mkwe wake mtarajiwa, Subukia. Yeye na mchumba wake, Muiruri, walikuwa wamekuja kupanga tarehe ya harusi.

"Usijisumbue, Injinia," Mama Muiruri alisema. Alijifuta vidole kwa leso, akapokea, akaweka spika na kuiegemeza simu kwenye mkebe wa chumvi ili msichana asikie vizuri.

Alikuwa Bwana Kipketer, mkuu wake kwenye kiwanda cha maziwa, Nakuru, alikokuwa injinia wa mitambo.

"Jepleting, nakutakia kila la heri. Mimi ningependa uende ile masters ya finance, lakini naheshimu uamuzi wako."

"Uamuzi gani, bosi?"

"Si umebadilisha nia? Muiruri alinipigia Jumatano. Akasema nisitume barua ya kukupendekeza kwenye chuo kule Nairobi, utasoma MBA ya jioni hapa hapa Nakuru. Na kule wanafunga kupokea maombi leo."

Muiruri alikuwa amesimama mlangoni na kuni mikononi. Hakuingia, hakutoka.

"Bosi, tutakupigia sasa hivi," Jepleting alisema. Mama akaikata simu polepole.

"Leti, wacha nikueleze," Muiruri alisema.

"Eleza. Mama yuko, mimi niko."

"MBA pia ni masters. Mshahara unaendelea, uko nyumbani..."

"MBA inagusa kila kitu kidogo kidogo, inamfaa mtu anayetaka kuwa meneja palepale alipo. Mimi nataka kuhama kazi, Muiruri. Na nilikuambia kwa nini. Ile mashine ya kupoza maziwa ilipokufa, wakulima wetu walimwaga maziwa mtaroni. Nilikuwa nimeomba mpya hadi nikachoka. Watu wa hesabu walikataa, na mimi sikujua lugha yao niwajibu."

"Nilisikia."

"Ulisikia, halafu ukampigia bosi wangu."

Muiruri alitazama kuni.

"Ukienda Nairobi hutarudi," alisema. "Utazoea watu wa suti. Mimi ni diploma na agroveti, duka la dawa za mifugo, pale Rongai ya Nakuru. Utarudia nini hapa?"

Jepleting alikuwa na jibu baya, liko tayari kwenye ulimi. Akalimeza.

"Kwa hiyo ukinifungia mlango nitakupenda zaidi?"

"Nilidhani utakasirika kidogo, halafu tutaoana."

"Hiyo ndiyo hesabu yako? Na ni mimi ninayehitaji kusoma finance."

Mama aliguna. Muiruri akamgeukia, kama mtu anayezama akitafuta tawi.

"Na wewe Mum, si uliwaambia watu wote wa kanisa kwamba unaletewa injinia? Akiacha, utawaambia nini?"

"Usinitie kwenye uongo wako," mama alisema kwa upole. "Unajua nilianza lini kumwita hivyo? Siku ya kwanza aliyokuja hapa alinikuta nikichota maji kisimani kwa ndoo, pampu imeharibika. Hakuuliza kitu. Alivua viatu, akaingia matopeni na gauni lake la kanisani, akanitengenezea ile pampu. Simwiti Injinia kwa sababu ya cheti. Hata akiuza mandazi, kwangu ni Injinia."

Macho ya Jepleting yalijaa, na mikono yake ilikuwa na unga. Mama alichukua pindo la leso, akampangusa machozi, kisha akageuka kuangalia sufuria iliyokuwa haina kitu. Wako watu wanaojua kumpa mwenzao nafasi ya kulia.

"Mpigie," Jepleting alimwambia Muiruri. "Weka spika. Na usiseme hamkuelewana. Sema ulichofanya."

"Leti, ni aibu."

"Yangu imeshasikika jikoni humu."

Hatimaye Muiruri aliweka kuni chini, akapiga. Simu iliita hadi akadhani haitapokelewa.

"Bwana Kipketer, ni Muiruri. Jumatano nilikudanganya. Jepleting hakubadilisha nia. Niliogopa ataniacha."

Bwana Kipketer aliuliza:

"Injinia yuko hapo?"

"Niko, bosi."

"Nitume?"

Alimwangalia Muiruri. Alimpenda, na bado alijibu:

"Tuma, bosi. Ile ya finance."

"Sawa. Niliiandika wiki iliyopita. Sikuwa na moyo wa kuifuta."

Simu ilipokatika, Muiruri aliuliza, "Na tarehe yetu?"

"Tarehe ingoje. Nataka kwanza kumwona mwanaume atakayenibebea begi hadi steji ya magari ya Nairobi bila kununa."

Jepleting alipata nafasi chuoni, na Septemba ilipofika, Muiruri alilibeba begi. Alinuna kidogo, lakini alilibeba, na juu yake chapati za mama zilizofungwa kwa leso. Hakumwomba abaki. Gari lilipoanza kuondoka, alisema tu, "Soma."

Ijumaa ya kwanza, Jepleting akiwa njiani kurudi Nakuru, kichwa kimejaa riba na hisa, ujumbe uliingia:

"Nimefunga duka mapema. Niko steji. Sijanuna."

Alicheka peke yake hadi jirani yake akamtazama. Kisha akaandika:

"Mwambie Mama akande unga. Kesho tunakuja kupanga tarehe."