Tarumbeta la Baba Liko Kushoto

"Fundi, umeniulia baba!"

Leticia alipiga kelele hedifoni zikiwa kichwani, mpaka wauza vitenge wa nje wakageuka. Augustino aliruka kitini.

"Dada, nimeua nani tena?"

"Baba yangu! Kwenye santuri hii tarumbeta lake liko kushoto, gitaa liko kulia. Gitaa nalisikia. Baba hayupo!"

Duka lilikuwa la Augustino, mtaa wa Msimbazi, jembamba hata watu wawili wakipishana wanaombana radhi. Mezani zilipangwa priampu tatu za vali, vile visanduku vinavyoinua sauti nyembamba ya sindano ya santuri kabla haijafika kwenye spika. Marehemu mzee Ignasi alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi. Alimwachia bintiye pleya na santuri, lakini priampu yake iliungua. Leticia alitaka nyingine, ili baba yake naye apige kwenye harusi yake.

Harusi yenyewe Jumamosi ya wiki ijayo. Kanisani walishatangazwa mara mbili, yeye na Beno muuza vipuri. Jumapili hii lilibaki tangazo la tatu, basi.

"Tujaribu hii ya taa za bluu," alisema Leticia. "Inapendeza."

"Bluu ni pambo, dada. Wamebandika kitaa chini ya kioo. Vali yenyewe, hii chupa ya kioo, huwaka rangi ya kaa la moto, na haipendi haraka. Kitendawili!"

"Tega."

"Binti yangu wa kioo, haimbi mpaka aote moto."

"Vali! Fundi, hiyo hata mtoto angetegua."

Akacheka. Ilikuwa wiki ya tatu hajacheka.

Ya bluu, baba hayupo. Ya pili, nzito kama jiwe la kusagia, baba hayupo. Ya tatu, aliyoiunda Augustino kwa mikono yake, vilevile kimya.

"Ngoja. Nabadilisha waya, wa kushoto uende kulia."

Leticia akafumba macho. Mara akashika kifua. "Huyo! Baba huyo! Amehamia kulia."

"Na gitaa?"

"Gitaa sasa ndilo limekufa."

Augustino akazunguka meza. Akamvua hedifoni, akavaa mwenyewe. Tarumbeta zima, gitaa zima. Akainua sindano taratibu.

"Dada, mashine zangu zote tatu nzima, bovu ni sikio lako la kushoto. Nani kakupiga?"

"Nani kasema nimepigwa? Nina mafua."

"Mafua ya sikio moja?"

Leticia akainama. Wiki tatu nyuma, Mnazi Mmoja, akiwa na Beno, alimsalimia kijana waliyesoma pamoja. Salamu tu. Walipofika nyumbani kwa Beno, kofi moja lilimbamiza ukutani. Sikio likalia kama kengele, likatoa damu, halafu likatulia. Alidhani limepona, kumbe lilikuwa limezimika.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Beno: "Nilikupa nusu saa. Uko wapi?"

Ukafuata mwingine: "Nakuona."

Alikuwa mlangoni.

"Nimekutuma ununue redio, umekuja kushikwashikwa kichwa?"

"Kaka, alikuwa anasikiliza…" alianza Augustino.

"Wewe nimekuuliza?"

Beno alinyakua priampu nzito akampiga nayo usoni. Nyusi ikapasuka. Damu ikamwagikia zile vali za moto, ikachemka na kunuka. Augustino akayumba, kiatu cha Beno kikamkuta mbavuni. Kisha Beno akageuka, akamkamata Leticia nywele, akamburuza juu ya vioo vya vali zilizovunjika.

"Niachie, Beno! Unaniua!"

"Nakufundisha kabla ya ndoa, usije ukanisumbua ndani!"

Watu walijaa mlangoni. Mbeba mizigo mmoja akasogea, Beno akamnyooshea kidole.

"Usiguse! Huyu mke wangu. Mambo ya nyumbani haya!"

Wakarudi nyuma. Kweli, neno hilo tu, wanaume kumi wazima wakarudi nyuma.

Leticia akamng'ata kidole gumba mpaka meno yakagusa mfupa.

"Muongo! Mimi si mke wake! Bado tangazo moja!"

"Kumbe hata ndoa bado?" alisema mbeba mizigo. "Mshikeni!"

Wakamwangukia kama mvua. Shati likabaki mikononi mwao, mwenyewe akakimbia kifua wazi akitukana, "Leticia! Jumapili tangazo linasomwa, nawe utanyamaza, au nitakuzika!"

Jioni, mama yake Leticia, bi Mektilda, alimsafisha binti vidonda vya magoti. Alikaa kushoto kwake; kulia, dirishani, jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma.

"Mwanangu, vumilia. Kadi zimeshagawiwa, wajomba wako njiani kutoka Masasi. Akishaoa atatulia."

Leticia hakujibu. Alitazama ukuta.

"Leticia. Nasema vumilia."

Kimya.

"Unaninunia mama yako?"

Kimya tena. Bi Mektilda akasogeza mdomo karibu na sikio lile, akaita kwa nguvu, "Leti!"

Binti akageuza uso, kidogo tu, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto. "Umesema kitu, mama?"

Kitambaa kikamponyoka bi Mektilda mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu lile kofi. Lile uliloniambia niweke barafu."

Mama aliinuka. Alikwenda jikoni, akafunga mlango.

Jumapili Beno alikaa mbele, suti mpya, kidole gumba kimefungwa bandeji. Ujumbe wake ulikuwa umeshaingia: "Ukifungua mdomo, fundi wako atakuwa marehemu."

Katekista akasoma. "Tangazo la tatu na la mwisho. Beno na Leticia. Mwenye kujua kizuizi amwone Paroko."

Leticia akasimama. Akafungua mdomo aseme, sikio lake la kulia likijaa minong'ono ya watu. Lakini aliona ajabu: vichwa vya kanisa zima vinageuka kushoto kwake. Akageuka naye. Mama yake alikuwa amesimama kitambo, anapiga kelele mishipa imemtoka shingoni.

"Sendi kwa Paroko, nasema hapa hapa! Kizuizi ni sikio la mwanangu! Amelipasua yule pale! Nami nikamwambia avumilie! Mungu anisamehe, harusi hakuna!"

Beno aliruka benchi, ngumi juu. Hakufika. Wazee wa kwaya walimlaza sakafuni, mmoja akamkalia mgongoni mpaka polisi wakaja. Bi Mektilda mwenyewe alimshika binti mkono, wakaenda polisi, dawati la jinsia, kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu, kisha hospitali. Daktari alisema ngoma ya sikio imechanika, itajifunga polepole, lakini usikivu hautarudi wote. Beno alipelekwa mahakamani, akafungwa.

Miezi minane baadaye, duka lilelile. Augustino ana kovu kwenye nyusi. Siku hizi akitaka kuongea na Leticia huzunguka kwanza akae kulia kwake, na hajawahi kukosea.

"Nimeongeza kitufe hapa," alisema. "Kinapandisha kushoto peke yake. Ngoja ipate moto."

"Wakati tunangoja. Kitendawili!"

"Tega."

"Redio yangu nzima, lakini kila Jumamosi naipeleka kwa fundi."

Augustino akakuna kovu. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Songea."

"Sitaki."

"Mtwara, basi. Na bahari yake yote."

"Nipe Msimbazi."

"Leti, Msimbazi si mji, ni mtaa."

"Nipe hivyohivyo. Na mwenye duka akiwa ndani."

Fundi akaweka bisibisi mezani. Vali zilikuwa zimeshakolea rangi ya kaa. Akazungusha kile kitufe, pole, pole. Leticia akainua kidole asimame hapohapo.

Kushoto, kwa mbali, tarumbeta.

"Shikamoo, baba," alinong'ona. "Mkwe wako huyu hapa. Bado hajajibu."

"Nimejibu!" alisema Augustino. "Mbona nimeshajibu? Umetaka Msimbazi, chukua, na mwenye duka ndani!"