Mkalimani Asiyeitwa

Kosa la kwanza lilikuwa dogo: mkalimani alimwitikia Dalia shikamoo kabla Dalia hajaitamka.

Walikuwa watatu katika chumba cha mkunga, kliniki ya wajawazito isiyo mbali na kituo cha treni cha Husby, jijini Stockholm, Uswidi. Dalia, aliyetoka Pangani mwaka juzi kumfuata mumewe, alikaa karibu na meza. Wifi yake Salha, mwanafunzi wa famasia, alikaa dirishani na koti lake mapajani. Salha alijua Kiswahili na Kiswidi, lakini mkunga hakumruhusu kutafsiri. Ndugu huficha, ndugu huongeza, kwa hiyo utaratibu wa huku ni mkalimani wa ofisi kupiga simu saa ya miadi. Simu ikawekwa mezani, spika ikafunguliwa.

"Marahaba," ilisema sauti, wakati Dalia ndiyo kwanza anafungua mdomo.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya upole. Salha aliinua kichwa. Wakalimani wa Kiswahili aliowahi kuwasikia Stockholm walikuwa Wakongo na Warundi. Huyu alizungumza kama wazee wa Pangani, wale ambao mpaka leo husema "asema" pale ambapo vijana husema "anasema".

Mkunga alieleza kwamba presha iko sawa na kwamba Dalia aendelee na vidonge vya kuongeza damu.

"Asema presha yako njema," ilisema sauti. "Asema umeze vidonge. Asema mtoto ni wa kike, na bado ni mapema, mimba yaweza kutolewa."

Salha alisimama, koti likaanguka. Alimweleza mkunga, kwa Kiswidi, maneno yaliyotafsiriwa. Mkunga alipauka. Yeye hakusema habari ya jinsia wala hakuijua, kwa sababu hakuna aliyeipima. Aliinamia simu akadai maelezo. Upande wa pili hapakuwa na neno, pumzi tu, na Salha angeweza kuapa kwamba harufu ya udi ilikuwa ikitoka kwenye matundu ya spika. Kisha simu ikakatika.

Waliporudi nyumbani, ndani ya lifti, Dalia aliuliza.

"Wifi, kama mkunga hajui, yule amejuaje?"

Salha alikuwa mtu wa kuhakiki mambo. Akifunga mlango, hurudi kuujaribu. Jioni ile alipiga simu kwenye ofisi ya wakalimani, wakamuunganisha na mtu aliyekuwa amepangwa, Mrundi aitwaye Protais. Protais alikuwa bado amenuna kwa kukosa kazi. Alipiga simu kliniki kwa wakati, alisema, na mwanamume mmoja akapokea kwa Kiswahili.

"Aliniambia asante, hapa tumeshampata mtu. Nikauliza, wewe ni nani? Akasema, mimi ni wa nyumbani."

Kuanzia hapo Salha alimtilia shaka mama yake.

Bi Zuwena alikuwa amekuja kwa viza ya matembezi, akalala chumba kimoja na Salha katika nyumba ya kupanga ya Khalfan, kaka yake Salha na mume wa Dalia. Alikuwa na mabunda madogo madogo ndani ya sanduku. Alilitazama tumbo la Dalia kila Dalia alipopita. Na Salha alikumbuka jambo ambalo tangu utoto hakulifikiria sana: katika ukoo wao mabinti walikuwa wachache mno, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini.

Khalfan alicheka aliposimuliwa. Alikuwa dereva wa basi, mtu wa masihara, mpole kwa mkewe mpaka majirani wakamwonea Dalia wivu.

"Jini wa Pangani aje Husby na kanzu tu, kwa baridi hii?" alisema. "Na akikaa, watu wa kodi watamwandikisha mkazi kama sisi."

Hata hivyo alimpeleka Dalia kliniki binafsi kupima damu ili ijulikane jinsia ya mtoto, eti kumtuliza moyo. Majibu yalikuja kwenye simu ya Khalfan. Ni wa kike.

Siku hiyo hiyo sauti ilihamia nyumbani.

Dalia ndiye aliyeanza kuisikia. Khalfan alimuuliza kama amekula, na chini ya maneno yake, kana kwamba mtu amekaa nyuma ya sofa, sauti ikasema: asema humpi anachotaka. Bi Zuwena alimwambia apumzike, sauti ikasema: asema wenzio walizaa wanaume. Haikuwa na haraka. Ilitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, neno la kinywani kwa neno la moyoni, na Dalia, aliyekuwa amezoea kuishi nchi ambayo kila jambo kubwa hufika kwake kupitia kwa mtu mwingine, aliiamini. Aliweka miadi ya kutoa mimba, Jumatano. Alimwambia Salha peke yake, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

"Wote wanataka nitoe, wifi. Hawasemi tu."

Salha aliukagua mto wa Dalia na kukuta fundo la kitambaa lenye harufu kali. Alilichukua mkononi mpaka kwa mama yake, akamuuliza anamloga nani humu ndani. Bi Zuwena alilitazama fundo, kisha akamtazama bintiye kwa masikitiko.

"Mvuje na habasoda, mwanangu. Mwenye mimba nimwekee kinga gani nyingine? Mimi nilianza kunusa udi humu kabla yenu. Nilidhani ni wewe umeniletea."

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimchunguza mwenzake.

Aliyemsaidia Salha hakuwa mganga. Alikuwa Manjeet, jirani wa ghorofa ya chini, mhandisi wa kompyuta huko Kista, mwenyeji wa Haryana, kaskazini mwa India. Walikuwa katika chumba cha kufulia cha jengo, wakishika shuka kwenye ncha zake kuikunja, na Salha akamsimulia nusu ya mambo kama vile ni ya mtu mwingine. Manjeet hakucheka. Kwao, alisema, wasichana walipungua mpaka vijana wakakosa wake. Serikali ilipiga marufuku kupima jinsia, madaktari wakashtakiwa, na bado watoto wa kike hawakuzaliwa, kwa sababu majumbani hakuna aliyekiri kwamba yeye ndiye hamtaki binti. Mume alisema ni mama, mama alisema ni ukoo, ukoo ukasema ni watu. Kisha wanawake wa kijiji chao walianza kuingia nyumba hadi nyumba, wakiwakalisha wote pamoja, mababu wakiwemo, na kuuliza swali moja.

"Nani anasema? Mmoja mmoja, mbele ya mama mjamzito," alisema Manjeet. "Si wote waliobadilika. Lakini wengi waliona haya kujibu. Mdogo wangu wa kike amezaliwa kwa swali hilo."

Jumapili alasiri Salha aliwakusanya mezani. Nje giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya Desemba, na madirisha ya jengo la pili yalikuwa yamewashwa taa zao za Krismasi. Pilau ilikuwa ikipoa. Khalfan alimkaribisha mkewe ale, na safari hii, kwa kuwa wote walikuwa wamenyamaza, wote waliisikia.

"Asema ale yeye, mtoto asile."

Bi Zuwena alishika ukingo wa meza. Harufu ya udi ilipanda kutoka chini ya kitambaa cha meza, ikajaa kwenye sahani na kwenye nywele zao, kengele ya moshi darini isilie kwa kuwa moshi haukuwepo, na Salha, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amejipanga kuuliza lile swali la Manjeet, alihisi ulimi umekuwa mzito kama wa mtu mwingine, na taa za madirisha ya ng'ambo zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine kana kwamba kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba akizifunika kwa kiganja, na ile sauti, bila kupandishwa, ikaendelea, asema Jumatano si mbali, asema nyumba hii haikujengewa binti, asema, asema, mpaka Dalia alipoinua uso.

"Nani anasema?"

Sauti ilinyamaza.

"Umekuwa ukiniambia asema, asema. Mkalimani humsemea mtu. Nani anasema?"

Bi Zuwena alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa dua.

"Labeka," alijibu Khalfan.

Alijibu kwa adabu, kichwa chini, kama mtoto aliyeitwa na mkubwa. Lakini mezani pale hakuna aliyekuwa amemwita.

Walimgeukia wote. Khalfan alijishika sikio, kana kwamba mwito ulitoka humo, akawatazama, na masihara yote yalikuwa yamemtoka usoni.

"Sikumwita," alisema taratibu. "Wallahi sikumwita. Nilitamani tu. Njiani, kwenye basi, abiria wakishashuka. Nilisema moyoni, awe wa kiume tu, si wa kike. Akaniuliza, nikusemee?"

"Ukamjibu nini?" aliuliza mama yake.

Khalfan aliinamia sahani yake.

Dalia alisukuma sahani.

"Miadi ya Jumatano nimeifuta leo asubuhi kwenye mtandao, na sikukungoja wewe. Mtoto huyu atazaliwa. Ninachotaka kujua ni nyumba ipi nitakayomlelea, hii au nyingine. Kwa hiyo sema mwenyewe, Khalfan, kwa mdomo wako."

Khalfan alilia kwanza. Kisha alijifuta uso kwa kiganja, akamtazama mkewe machoni.

"Namtaka," alisema. "Binti yangu, namtaka."

Na wote wanne wakakaa kimya kuizunguka pilau, hakuna aliyegusa kijiko, wakisubiri kusikia kama ile sauti itayatafsiri na maneno hayo: asema nini.