Samaki wa Kwanza Haliwi

Alhamisi ile sikuwa na habari ya jambo lolote. Nimekaa uani kwangu hapa Kisimayu, napaa samaki wangu, tasi, na Umi, kitukuu changu wa miaka minne, anaokota magamba na kujibandika usoni. Anasema yeye bibi harusi. Mimi nampigia vigelegele.

Baba yake akaingia. Faisal huyu ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe tangu mama yake afe. Ni fundi wa mashine za mashua, mchu wa kazi, ndivyo sisi Wabajuni tumwitavyo mtu. Lakini ilikuwa miezi minne hashiki mashine, ameshika simu. Anacheza karata humo na wachu asiowaona, kwa pesa. Poka, wanaiita. Na kila siku analiwa. Ameliwa pesa, ameliwa mpaka spana zake. Mulki, mkewe, alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka, anangoja tu neno moja baya zaidi.

"Bibi," Faisal akanambia, "nifukizie simu."

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. "Ina pepo gani hiyo simu?"

"Ina nuksi. Nyavu zenu zikikosa samaki si mlikuwa mkizifukiza? Hii ndiyo nyavu yangu."

"Nyavu zikikosa tulizianika kwanza. Siku saba hugusi maji. Anika na wewe, mwanangu. Pumzika."

"Nikipumzika leo, zamu yangu ya kushinda ataichukua mwengine."

Mulki akadakia toka jikoni: "Miezi minne wangoja zamu! Hata kinyozi angekuwa keshakunyoa."

Faisal akageuka, akainua mkono. Hakumpiga. Lakini niliuona ule mkono, na ndio ulioniondoa pale nikawashe chetezo. Nilisema nimtoe nuksi, ashinde mara moja, roho yake ipoe, aache. Karata ni haramu, nalijua hilo. Mungu anisamehe.

Nikamwambia sharti. Kwetu kisiwani Chovai, nyavu ikishafukizwa, samaki wa kwanza haliwi. Unamrudisha majini angali hai. Husemi neno, hutazami nyuma. Wa kwanza ni wa wenyewe. Hao wenyewe ni nani, mama hakunambia, na mimi sikuuliza.

"Sawa, Bibi, sawa," akasema, macho yako kwenye simu.

Nikaipitisha juu ya ubani mara saba. Kabla ya alasiri nikasikia ukelele chumbani. Ameshinda.

"Haya, rudisha," nikamwambia.

Akacheka. "Pesa ya simu nitaitosa vipi baharini?"

"Rudi mezani kwao, waachie. Liwa kwa kusudi."

Akanitazama kama mchu aliyetukanwa. "Miezi minne naliwa, Bibi. Leo nimeshinda, na wewe waniambia niliwe?"

Akatoka. Akarudi na vipuli vya dhahabu, amevinunua kwa pesa ile ile, akamvisha Umi masikioni. Mulki akafungua lile shuka, akarudisha nguo zake mahali pake.

Ijumaa akashinda. Jumamosi akashinda. Nyumba ikaanza kunuka shombo. Tukaosha sakafu, tukafua mapazia. Shombo ile ile. Nikanusa huku na huku mpaka nikajua inakotoka. Ilitoka kwenye simu.

Jumapili, adhuhuri, jua la utosi, Mulki akaniita kwa kunong'ona. Umi amelala mkekani. Amelowa chepechepe. Nikamgusa shavu, nikaonja kidole.

Chumvi.

Macho yake wazi. Mdomo wafunguka, wafumba. Wafunguka, wafumba.

"Umi, mama, una nini?"

"Kuna mchu ananiita."

"Yuko wapi?"

Akaonyesha sakafu.

Nikaenda kwa Faisal. Nimemkuta ametoa macho kwenye simu. Mezani pa karata, humo simuni, anasema, pamekaa mchu hana jina, hana picha. Hachezi. Anaandika tu. Mimi sijui kusoma, Mulki akanisomea. Kilikuwa Kibajuni, cha zamani, kile cha marehemu mama yangu:

*Changu cha kwanda ki wapi?*

"Liwa sasa," nikamwambia Faisal. "Liwa vyote."

Akajaribu. Akatupa karata, hazikutupika. Akaweka pesa zote kwa karata mbovu, wenzake wakaondoka. Mmoja. Mwengine. Wote. Pesa zikarudi kwake. Akaweka tena. Zikarudi. Miezi minne yule kijana alilia kwa kuliwa. Siku ile nimemuona akilia kwa kushinda.

Mulki akasoma tena: "*Si hizo.*"

Umi akakohoa. Akatema gamba. Kubwa kama kiganja changu. Si la tasi. Si la samaki ninayemjua.

Hapo nikafahamu. Kile cha kwanza kilikuwa masikioni mwake.

Vipuli havikufunguka. Faisal akaleta koleo. Mulki akamshika mtoto kichwa. Umi hakulia. Damu haikutoka.

Yalitoka maji.

Faisal akakimbia pwani na vipuli na simu. Nikapiga kelele nyuma yake: usiseme neno, usitazame nyuma! Umi akavuta pumzi, akapiga chafya, akaomba mkate. Mulki akaanguka chini akalia.

Faisal aliporudi alikuwa amelowa mpaka kifuani.

"Umetosa?"

Akaitika kwa kichwa, ndiyo.

"Ulitazama nyuma?"

Akakamua shati lake. Kisha akanong'ona: "Niliitwa, Bibi. Kwa sauti ya Umi." Akanitolea jicho. "Wewe ndiye uliyewasha hicho chetezo." Tangu siku ile hasemi na mimi, ananipita kama kizingiti.

Chetezo sikukigusa tena, kilikaa na majivu yake pembeni ya mlango. Mpaka Alhamisi hii iliyopita, baada ya adhuhuri. Nimemuona Umi amechutama mbele ya chetezo, anachekacheka, amenyoosha mkono.

Ndani ya majivu mna kipuli kimoja, cha vile alivyovitosa Faisal. Kimefungwa mshipi wa kuvulia, na fundo ni lile la Chovai. Mshipi umepita chini ya mlango, umeelekea baharini.

Umekaza.

Nimeishi na wavuvi maisha yangu yote. Chambo nakijua.

Nikamvuta mtoto. Nikakata kwa kisu cha samaki. Ule mshipi haukuruka. Ulivutwa chini ya mlango, polepole, pima kwa pima, na mchu asiye na haraka.

Mulki sijamwambia. Kipuli ninacho hapa, pindoni mwa leso. Nimekianika juani siku tatu.

Hebu shika. Bado kimelowa.