Klementina na Njia ya Kinamasini

"Mimi nikiwaita watu, hata viboko wa mto Kilombero watatoka na majembe!"

Klementina alisema hayo akipepeta mchele uani. Kaka yake Fridolin, aliyekuwa akitia kiraka kaptula yake, alicheka.

"Kiboko atashikaje jembe, bibi mkubwa?"

"Utaona!"

Kicheko cha Fridolin hakikudumu. Kaptula ile aliishona kwa ajili ya safari. Vijana wenzake walikwisha kwenda Kilosa kukata mkonge, na yeye angewafuata mwezi ukiandama. Pale kijijini, chini kidogo ya Kiberege, kazi ilikuwa kulima mpunga, kuula, na kuwaachia panya uliobaki. Wanunuzi hawakufika, kwa kuwa kati ya kijiji na barabara palikuwa na kinamasi kilichomeza hata baiskeli.

Tamimu, mfanyabiashara wa Ifakara, aliwahi kuwaambia wazi: "Inueni njia pale kabla ya mvua. Lori langu likipita, nitajenga ghala hapa. Vijana wa kupima na kupakia magunia nitawachukua hapahapa."

Wote walitikisa vichwa kukubali, kisha kila mmoja akahamia mbugani kwenye dungu lake, kibanda cha kulindia mpunga, kutayarisha shamba. Vichwa vilikubali, miguu ikaenda kwingine. Klementina aliona kwamba akingoja, kaka yake ataondoka. Na huyo ndiye kaka aliyembeba mabegani kila masika, maji yalipofunika njia ya shule.

Basi akachukua debe na kijiti, akazunguka mbugani, dungu hadi dungu, akipiga na kupaza sauti:

"Jumbe kasema! Kesho wote kinamasini! Asiyefika atafungwa!"

Jumbe mwenyewe siku hiyo alilala na jino bovu. Hakuwa amesema neno hata kwa mkewe.

Asubuhi yake Klementina na Fridolin walisimama kinamasini na majembe yao. Waliofika ni vyura.

"Naona viboko wamechelewa," alisema Fridolin kwa upole.

Klementina aligeuka kutazama mashamba. Kule mbugani hapakuwa na moshi hata wa jiko moja. Watu waliposikia "Jumbe kasema" na "atafungwa", walibeba mikeka, vyungu na watoto, wakajificha kwenye matete, kama walivyozoea kila waliposikia watu wanakamatwa kwa kodi au kazi ya lazima.

Fridolin alirudi nyumbani akaanza kufunga mzigo wake. Klementina alimkimbilia mama yake, Apolonia, akamweleza yote huku akilia. Mama hakumpiga. Alimfuta machozi kwa pindo la kanga.

"Mwanangu, nani aliyekufundisha kualika watu kwa kuwatisha? Hapa kwetu, ukimtaka mtu aje kwenye kazi yako, kwanza unapeleka jembe lako shambani kwake. Mkishatoka jasho pamoja, ndipo unaeleza haja yako."

"Na Jumbe je, mama?"

"Kwa Jumbe ndiko tutakakoanzia. Na utasema wewe, si mimi."

Jumbe alimsikiliza, shavu limevimba kama andazi. "Kumbe nimetoa amri nikiwa usingizini!" alinguruma. "Haya, nenda kanirudishie watu wangu."

Wakampitia Fridolin, na wote watatu wakaenda na majembe hadi shamba la Mzee Pantaleo. Mzee alikuwa akichungulia kwenye matete, jicho moja nje, jingine ndani.

"Shikamoo, babu," alisema Klementina.

"Marahaba. Pingu umeziacha wapi?"

"Hakuna pingu, babu. Nilidanganya. Jumbe hakusema lolote. Ni mimi tu, sitaki kaka aende mkonge."

Mzee Pantaleo alitoka kwenye matete polepole. Alimtazama Fridolin.

"Wanangu wawili walikwenda huko," alisema. "Aliyerudi ni mmoja." Kisha akakohoa, akaonyesha shamba kwa kidole. "Mmekuja na majembe au mapambo? Anzieni pale."

Wakalima naye mpaka jua likawa kali. Walipohamia shamba la jirani, Mzee Pantaleo alikuwa mbele yao, jembe begani. Kila shamba lilipokwisha, mwenye shamba aliungana nao, na kila mahali Klementina alisema ukweli uleule. Mara ya kwanza ulitoka kwa shida. Baadaye ukazoea njia.

Hatimaye siku ya kinamasi ikafika, na watu wakafurika. Wanaume walilaza magogo, wanawake wakamwaga udongo kwa vikapu, watoto wakaushindilia kwa kucheza ngoma. Bi Sikudhani, jirani yao, alisimamia mitungi ya togwa, na mvivu hakupewa kata ya pili. Mvua ya kwanza ilikuta njia imeinuka.

Baada ya mavuno, lori la Tamimu lilivuka likiyumba kama mlevi, lakini lilivuka. Ghala likajengwa, na kijana wa kwanza kuandikwa kazi alikuwa Fridolin. Mzigo wake wa safari ulikwisha funguliwa zamani.

Siku hiyo Mzee Pantaleo aliwakusanya vijana. "Jifunzeni," alisema. "Amri ya uongo ilitutawanya, tukakimbilia kwenye matete. Mtoto aliposema kweli na kushika jembe pamoja nasi, tulirudi wenyewe. Kazi ya kijiji huanza hapo."

Tamimu akamgeukia Klementina. "Na wewe, binti, siku ya kinamasi ulifanya nini?"

Klementina alijinyoosha kama askari. "Mimi? Nilibeba udongo tangu alfajiri mpaka jua likazama. Sikupumzika hata kidogo!"

"Ala!" alidakia Bi Sikudhani toka nyuma ya gunia. "Na yule aliyekoroma kwenye lundo la nyasi adhuhuri yote, mdomo wazi, alikuwa nani? Kaka yako alibeba vikapu vyako na vyake, akatukataza tusikuamshe. Mimi nikakufunika kanga yangu, ukaitia tope, na mpaka leo hujaifua!"