Kivuli Mbele ya Chaza

Jua lilikuwa linazama Valeria alipoingia sebuleni na ndoo ya maji yaliyochujwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake kila jioni pale Milanzi. Maji ya tangi la kioo yakipungua, chumvi hukolea, na chaza mkubwa wa baharini, ambaye marehemu mumewe Loth alimwachia, angeweza kufa. Loth, dereva wa lori, alimleta kutoka Dar es Salaam akiwa mdogo kama kiganja. Sasa alikuwa mpana kama sinia, amefunua magamba yake kuelekea taa, nyama yake ya buluu ikichezacheza majini.

Loth alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Homa ya ghafla. Watu walinong'ona kwamba amerogwa. Valeria hakulia msibani, wala baadaye. Alimimina maji, akapima chumvi, akafuta kioo.

Chaza akafumba.

Valeria akatulia. Chaza hufumba akipitiwa na kivuli. Lakini yeye alikuwa amesimama pembeni, na sebuleni hapakuwa na mtu mwingine...

Harufu ya udongo mbichi ikapita. Kisha mlango wa chumba cha Scola, binti yake mdogo, ukasogea.

Kulipokucha, Scola alikuwa na homa.

Jioni iliyofuata ikawa vilevile. Homa ikapanda. Dawa za zahanati hazikufua dafu. Valeria akampigia simu mama mkwe wake, Otilia, naye akafika jioni kutoka Msanzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

Kabla Valeria hajajibu, chaza akafumba. Otilia akamshika Valeria mkono.

"Kila jioni hivi?" akanong'ona.

"Kila jioni. Nadhani ni Loth, mama. Anakuja kumwona mwanawe."

"Loth hawezi kumpita chaza wake bila kusimama. Akitoka safari alimsalimia huyo kabla yangu." Otilia akatikisa kichwa. "Huyo si mwanangu."

"Ni nani?"

"Waliomuua ndio wanamjua."

Wakakimbilia chumbani kwa mtoto. Otilia akatoa rozari. Valeria akasimama mlangoni, mikono ameikaza kwenye fremu, macho kwenye tangi. Chaza hakufunua tena. Kilichokuwa kikipita, kilikuwa kimesimama.

Ubaridi ukamgusa paji la uso.

"Nipishe..."

Ilikuwa sauti ya Loth. Valeria alijua anapaswa kupiga kelele. Lakini ndani yake hamkuwa na sauti ya kutoa.

"Ni wewe, Loth?"



Kisha, nyuma yake, Scola akasema kwa sauti ya usingizi:

"Mama, baba yuko huku kitandani. Amenishika mkono. Huyo wa mlangoni simjui."

Rozari ya Otilia ikaanguka. Valeria akamnyakua mtoto, wakatokea mlango wa pili wa chumba, unaofungukia uani, wakalala kwa jirani.

Asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Nyumbani walimkuta chaza ameachama, nyama imesinyaa, maji yananuka uozo.

"Kimemkosa mtoto, kimemchukua chaza," alisema Otilia, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Valeria akateka maji yote, akamwaga uani. Akasugua kioo. Akangoja machozi. Hayakuja.

Scola akaja akasimama karibu naye, mkono mmoja ameunyoosha pembeni, vidole vimekunjwa kama vya mtoto anayeongozwa njiani.

"Mama," akasema, "baba anauliza, leo alale wapi?"